Baiskeli Yangu Niiweke Wapi?

Askari wa langoni alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isitembee. Aliandika jina langu. Akaandika namba ya kitambulisho, namba ya simu na ofisi niliyokuwa nakwenda. Kisha kalamu ikafika kwenye safu ya "namba ya gari", ikasimama hapo.

Akainua macho, akaitazama baiskeli yangu.

"Nyara," akaniita, yaani binti yangu kwa Kijaluo, "sasa hii nitaiandika nini?"

Hakuwa mkali. Ni mzee wa rika la baba yangu, na alinieleza kwa upole kwamba maagizo aliyopewa ni magari yaingie na pikipiki zibaki ng'ambo ya barabara. Habari ya baiskeli hajawahi kuambiwa. Nyuma yangu gari likapiga honi. Geti likafunguliwa, gari likaandikwa, likapita. Mwishowe mzee aliishika baiskeli mwenyewe, akaizungusha nyuma ya jengo na kuiegemeza ukutani karibu na jenereta, kati ya madebe ya rangi na ngazi iliyovunjika.

"Hapa hakuna atakayeiona," akasema.

Nilimaliza shughuli zangu, nikarudi, nikaikuta salama salimini. Lakini maneno yale yamekataa kunitoka wiki hizi zote. Mzee alikuwa ananihakikishia usalama. Mimi nilisikia kwamba katika mji huu wa Kisumu baiskeli huwa salama pale tu inapofichwa.

## Njia tumepewa

Yanayostahili sifa niyaseme kwanza. Kisumu haijalala. Mwaka 2020 kaunti, ikishirikiana na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, na ITDP, taasisi ya kimataifa ya sera za usafiri, ilitoa mpango wa usafiri unaowatanguliza wanaotembea kwa miguu, waendesha baiskeli na abiria wa matatu. Katikati ya mji, kwenye ile pembetatu ya Oginga Odinga, Ang'awa na Jomo Kenyatta, watu wa miguu walianza kupata nafasi ya heshima. Kufikia Mei 2022, mkutano wa Africities ulipotuletea wageni kutoka miji ya Afrika nzima, mtu aliyeuacha mji huu miaka michache nyuma angehitaji kuulizia njia.

Na mji wenyewe umekaa kwa ajili ya baiskeli. Kutoka Nyamasaria mpaka soko la Jubilee hakuna kilima cha kumshusha mtu. Milima inaanza ukielekea Riat, au ukikata kwenda Maseno, na huko hata mimi napanda matatu. Lakini Nyalenda, Manyatta, Migosi, Milimani, Dunga, kote huko mtu anafika bila haraka na bila kulowa jasho, mradi ametoka asubuhi.

Kwa hiyo kwa miaka mingi kilio changu, kama cha kila anayeendesha baiskeli hapa, kimekuwa njia. Matatu inayopita pembeni mwa lami kana kwamba pembeni hapana mtu. Raundabauti ya Kachok, ambapo unasubiri mwenye gari mmoja akuonee huruma. Kondele chini ya daraja, ambapo njia inaingia sokoni na haitoki. Kilio hicho ni cha kweli na sikifuti. Mwaka 2023 zaidi ya watu 4,000 walikufa kwenye barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la watembea kwa miguu. Mwendesha baiskeli asiye na njia yake yuko kwenye hatari ileile.

Ila tangu siku ya daftari lile, naona tumekuwa tukidai nusu.

Mwenye gari akitoka nyumbani hupewa vitu viwili, barabara ya kupita na mahali pa kuliacha gari akifika. Hivyo viwili havitenganishwi. Ukileta mchoro wa jengo la biashara, utaulizwa magari yataegeshwa wapi. Kaunti imeyachorea mistari kando ya barabara, na mfanyakazi wake hupita kukusanya ada. Baiskeli imepewa kipande cha njia, ikifika inakuwa shida ya mwenyewe.

Tumepewa pa kupita. Hatujapewa pa kufika.

## Wanaopita alfajiri

Simama Nyamasaria kabla jua halijachomoza vizuri. Wanakuja kutoka upande wa Kano, taa za magari zikiwamulika migongoni. Mmoja ana madebe ya maziwa. Mwingine amefunga magunia ya mboga, osuga na mrenda, kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu za zamani, na kufunga huko ni ufundi: mpira unavutwa mpaka uimbe, unazungushwa kwenye kerieri, ncha inachomekwa chini ya mzunguko wake wenyewe, na gunia halitikisiki mpaka soko la Kibuye. Wanafuata vijana wa mjengo, pima-maji imefungwa kwenye bomba la baiskeli, karai limening'inia nyuma. Baadhi wako kwenye Black Mamba, zile baiskeli za zamani walizorithi. Wengine wana Buffalo, zile nzito zinazounganishwa hapahapa Kisumu, zenye kerieri ya kubeba mpaka kilo 100.

Watu hawa ndio mji unaokula. Maziwa yao yako kwenye chai ya ofisini saa nne.

Nimewafuata kwa macho mara nyingi, wanakwenda wapi wakishafika. Wengine hawashuki kabisa, wanauza wakiwa wameshikilia usukani. Wengine huegemeza kwenye mti, kwenye nguzo ya stima, kwenye ukuta wa duka ambalo mwenyewe hajafungua. Akifungua, wanahamishwa.

Hapa kuna jambo ambalo bado linanisumbua. Kwenye njia ninayopita kuna mama anayeuza parachichi, na ameketi juu ya njia ya baiskeli kabisa, mwavuli na yote. Mwendesha baiskeli mwenzangu aliniambia nimripoti. Sikuweza. Mwaka 2020 tuliona vibanda vikibomolewa kando ya barabara za mji huu, na tuliwaona akina mama wakiokota mabati yao. Sitaki njia yangu ipatikane kwa jinsi hiyo.

Na nikimtazama zaidi naona wanunuzi wake ni kina nani. Mtu wa baiskeli anafika, anaweka mguu mmoja ukingoni, anachagua parachichi mbili, analipa, anaondoka. Mwenye gari hasimami pale, hana pa kusimama. Mama na baiskeli wanalishana. Aliyechora barabara aliwapa wote wawili ukanda mmoja mwembamba, halafu akatuachia sisi tugombane.

## Mti wa fundi

Fundi wangu anakaa chini ya mwarobaini, mbali kidogo na Kibuye. Ukimletea pancha, anaitoa tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha kwenye beseni la maji meusi na kuizungusha polepole hadi viputo vijitokeze. Anapaweka alama kwa kidole. Anapakwaruza kwa msasa, anapaka gundi, anasubiri. Ana subira ya ajabu kwa gundi. Wanaobandika kiraka ikiwa bado mbichi, anasema, watarudi kesho.

Zamani alikuwa bodaboda wa baiskeli. Wasomaji wa umri wangu mnazikumbuka: kiti cha sponji nyuma, nyuzi za rangi zikipepea, abiria wa kike ameketi upande na mkoba mapajani. Nilimsimulia habari ya daftari na jenereta. Hakushangaa. Alichosema ndicho kilichonifanya nianze kuandika haya.

"Mwalimu, zamani tulikuwa na steji. Mtu akisema nipate stejini, anajua nitakuwa pale, na baiskeli itakuwa pale. Baiskeli ilikuwa na kwao."

Halafu pikipiki zikaja. Zilikuwepo kidogokidogo, lakini serikali ilipoondoa kodi kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, zilijaa mji kwa kasi ambayo hatukuitegemea. Vijana wengi walipata riziki, na abiria alifika haraka zaidi. Silaumu. Lakini nilikuwa nimedhani, kama watu wengi, kwamba kilichobadilika ni chombo tu. Fundi aliona kingine. Steji hazikufutwa. Vivuli ni vilevile, kona ni zilezile, hata mabenchi mengine ni yaleyale. Pikipiki ilichukua abiria, ikachukua na mahali.

Leo watu wanaokwenda sokoni humwachia yeye baiskeli zao. Amepitisha mnyororo mmoja mrefu kwenye magurudumu, kufuli moja kubwa, na analipwa kidogo kwa kila moja. Sikumwona akitangaza. Walianza kumwomba, akaanza kupokea, na sasa siku za soko kivuli chake kinajaa kabla ya saa tatu.

Nani alisema hakuna anayehitaji maegesho ya baiskeli?

## Mwanafunzi aliyeacha

Kisumu ilipotangazwa jiji mwaka 2001, Maseno nayo ilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka huohuo. Kampasi kuu iko juu kwenye mstari wa Ikweta, lakini Maseno ina kampasi yake hapa mjini, na vyuo vingine vimefuata, kwa hiyo mji umejaa wanafunzi wanaopanga vyumba Manyatta, Migosi na Nyalenda. Umbali wao ni umbali wa baiskeli kabisa. Wengi hutembea kwa miguu au hupanda pikipiki.

Muhula uliopita msichana mmoja wa darasa langu alikuwa anakuja kwa baiskeli ya bluu. Akaacha. Nilipomuuliza nilitarajia kusikia habari ya maneno ya barabarani, kwa kuwa mwanamke juu ya baiskeli huku kwetu hupigiwa mbinja na kupewa ushauri ambao hakuuomba.

"Hayo nilizoea, madam," akasema. "Sikuwa na pa kuiweka."

Anakaa ghorofa ya tatu. Kila jioni alikuwa anaibeba begani, kona tatu za ngazi, na mlinzi wa ploti akamwambia inachafua ukuta. Akaiacha chini usiku mmoja, akaikuta haina kiti. Chuoni aliifunga kwenye vyuma vya ngazi, kwa kuwa hakuna kingine cha kufungia, na alipotoka darasani akakuta magurudumu yote mawili yametolewa upepo na karatasi imebandikwa: USIWEKE BAISKELI HAPA.

Karatasi haikusema aiweke wapi.

Sasa analipa pikipiki asubuhi na jioni, na siku ambazo hana pesa hafiki. Nimeliangalia hilo kwenye rejesta yangu ya mahudhurio. Tunapohesabu sababu za mwanafunzi kukosa masomo tunaandika karo, ugonjwa, matatizo ya nyumbani. Hatuna pa kuandika kwamba alikosa chuma cha kufungia baiskeli.

## Bomba lililopindwa

Kinachohitajika si kikubwa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kifaa bora kinachojulikana cha kufungia baiskeli ni bomba moja la chuma lililopindwa mara mbili, miguu yote miwili imezikwa kwenye zege. Juu ya ardhi kinabaki kimo cha sentimita 75 hivi. Baiskeli moja huegemea upande huu na nyingine upande ule, na mnyororo unashika fremu pamoja na gurudumu. Ukiacha kama mita moja kati ya bomba na bomba, watu hawagongani viwiko. Katika nafasi ya gari moja unaweza kuegesha baiskeli zipatazo 10.

Kuna aina nyingine, vile vibano vidogo vya kushika gurudumu la mbele peke yake. Naomba tusivilete. Rimu hupinda baiskeli ikisukumwa, na mwizi akiwa na spana hulegeza gurudumu, akakuachia hilo na kuondoka na baiskeli iliyobaki.

Nilimwendea fundi wa kuchomelea anayetengeneza mageti na vitanda vya chuma, nikamchorea kwenye vumbi. Alicheka kwa jinsi kazi ilivyo nyepesi. Alichotaka kujua ni unene wa bomba, kwa sababu jembamba mtu hulikata kwa msumeno wa mkono, na kina cha shimo, kwa sababu udongo wetu mweusi hupasuka kiangazi na kuvimba masika, na chuma kisichozikwa vizuri hulegea mwaka wa kwanza. Sikuwa nimefikiria udongo. Yeye alianza nao.

Utrecht, mji wa chuo kikuu kule Uholanzi, una maegesho ya baiskeli 12,500 chini ya stesheni ya treni, yaliyokamilika mwaka 2019. Sitaji Utrecht ili tuifuate. Naitaja kwa sababu wao walielewa kwamba mtu anayeendesha baiskeli anataka kufika stesheni, dukani, darasani, na huko ndiko alikohitaji kusaidiwa.

## Ndani ya mabati

Rafiki zangu wana hoja, na zimenisumbua kweli. Wanasema jua la Kisumu si la mchezo, na mvua ya jioni kutoka ziwani haibishi hodi. Wanasema kijana akipata mshahara wa kwanza anataka pikipiki, wa pili anataka gari. Weka mabomba yako, wanasema, yatakuwa ya kuanikia nguo.

Kuna siku nilianza kuwaamini. Nilipita barabara nzima ya ofisi nisione baiskeli hata moja, nikajiuliza kama ninapigania kitu cha watu wachache wanaopenda baiskeli kama mimi.

Jumatatu moja nikapita Milimani, kando ya jengo linaloinuka. Lango la mabati lilikuwa wazi kupitisha lori la kokoto. Ndani, kuanzia kona hadi kona, zimeegemezwa baiskeli, bega kwa bega, nyingine zimelaliana, makoti yametundikwa kwenye usukani. Msimamizi wa mjengo aliniambia aliwaruhusu kwa sababu rahisi: fundi ambaye baiskeli yake iko nje ya ukuta huchungulia kila dakika kumi, na kazi haisongi.

Hakuna aliyewapa semina wala kuwahimiza kwa mabango. Walipewa ukuta na macho ya mlinzi, wakajaa.

Langoni pamebandikwa ubao wenye picha ya jengo litakavyokuwa likiisha. Vioo vya bluu, minazi miwili, na magari manne meupe yameegeshwa mbele. Nilitafuta baiskeli kwenye ile picha. Mikono inayojenga ghorofa zile inafika hapo kwa baiskeli kila siku, na jengo likikamilika mikono hiyohiyo, ikija kurekebisha bomba au kupaka rangi upya, itasimamishwa langoni na kuulizwa namba ya gari.

Barabara yenye ofisi ilikosa baiskeli kwa sababu ofisi hazizipokei. Tulikuwa tukitazama mlango uliofungwa na kusema hakuna wageni.

## Barua

Mwaka 2016 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilizishauri nchi zitenge angalau asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Vikao vya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti vikiitishwa nitakwenda na hoja hiyo, na nitaomba kwamba kila soko na kila kituo cha afya kipate mabomba kabla hatujaanza kuota makubwa. Nitaomba pia fundi wa chini ya mwarobaini na wenzake wapewe vivuli rasmi vya kulinda baiskeli, kwa kuwa kazi hiyo wameshaianza na wanaijua.

Lakini kikao cha kaunti kina foleni, kwa hiyo nimeanza na ninakofundisha. Nimeandika barua ya ukurasa mmoja kuomba mabomba manane. Nimeambatisha makadirio ya fundi wa kuchomelea na majina ya wanafunzi waliokubali kusaini, akiwemo yule wa baiskeli ya bluu.

Mabishano yaliyobaki ni ya mahali. Mtu mmoja wa utawala alinidokezea kwamba wataelekea kukubali, mradi yawekwe nyuma, upande wa matangi ya maji, ili mbele pabaki nadhifu. Nimekataa. Mwizi anaogopa macho, na nyuma ya matangi hapana macho. Wanafunzi wanataka palepale mlinzi anapokaa. Fundi wa kuchomelea ana sharti moja tu, kwamba yasitazame magharibi, kwa sababu jua la alasiri litapika matairi. Kwa hiyo kwenye mchoro nimeyapanga upande wa mashariki wa ukuta, hatua chache kutoka langoni, mahali ambapo sasa huegeshwa gari moja la ofisi. Kikao kitaketi mwezi ujao, na mwenye gari hilo ni mjumbe.